Mgao wa Vidonge

Bibi yangu mzaa mama alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ule aliushika kwa imani ambayo mapadri wachache wanayo. Vyama vingi vilipoingia, ikatangazwa redioni kwamba balozi ni wa chama chake tu na si wa kila mtu. Bibi aliisikiliza taarifa hiyo mpaka mwisho, akasema betri za ile redio zimekwisha ndiyo maana haisemi vizuri, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kugawa. Miaka ya uhaba duka la kijiji lilikuwa likipata bidhaa siku ambayo hakuna aliyeitegemea, na chochote kilichofika kilipitia mikononi mwake kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu. Mche mmoja wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande kumi sawasawa, na yeye akachukua kipande cha mwisho kwa sababu ndiye aliyekata. Betri nne za tochi zilizunguka nyumba kumi kwa zamu. Doti moja ya khanga iliyowahi kufika hakuikata, ingawa nadhani alilifikiria hilo. Aliiweka kwenye sanduku lake, ikawa khanga ya harusi ya watu wote. Nimeona picha za maharusi watano, wa miaka tofauti na nyumba tofauti, na wote wamevaa khanga ileile.

Baadaye uhaba ukaisha. Maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, sukari ikajaa hadi kwenye vibanda, mitumba ikamwagwa chini kwa marobota. Kila mtu alishangilia isipokuwa bibi, ambaye alibaki na mikono mitupu na ungo wake wa mgao umetundikwa ukutani. Nasema hivi ili ijulikane mapema kwamba alikuwa akisubiri tu kitu kingine cha kugawa, na aliyekipeleka ni mimi.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. Ni vikope, ugonjwa ambao kule kwetu Ugogoni, palipo na vumbi, nzi, ng'ombe na maji ya kubebwa kichwani, watu walikuwa wanazeeka nao kama wanavyozeeka na magoti. Ukope unavimba, unapona vibaya, unajikunja, na kope zinageuka kuelekea ndani zikawa zinalikwaruza jicho kila unapopepesa. Dawa waliyokuwa nayo ni kibano. Bibi alikuwa na chake, kimefuliwa na mhunzi, kinaning'inia shingoni kwa kamba ya ngozi. Nikienda likizo kutoka mjini, kazi yangu ya kwanza baada ya shikamoo ilikuwa kukaa chini mbele ya tembe, nyumba yake ya paa la udongo, kumlaza kichwa mapajani mwangu na kumvuta kope za jicho la kulia, hilo moja lililobaki. Alikuwa hatikisiki. Mimi ndiye niliyekuwa nikikunja uso.

Jicho lile nililitaka lipone kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote wakati ule, pamoja na mchumba na viatu.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka ambao ofisi zilikuwa zinapunguza watu badala ya kuajiri. Nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kikuyu, tulikuwa na watu wazima watatu waliokuwa wakiamka asubuhi na kuvaa vizuri bila mahali pa kwenda. Ndipo nikasikia kwamba kuna daktari wa macho anatafuta kijana anayejua Kigogo, mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa kulala vijijini. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, lakini nilikwenda.

Daktari alikuwa mtu wa ukanda wa ziwa, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipokuwa hataki kujibu. Alinieleza kazi. Watapita vijijini wakiwafanyia watu upasuaji mdogo wa ukope ili kope zigeuke nje. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya watu kope zinarudi ndani tena. Kuna vidonge ambavyo huenda vikazuia hilo, ukivimeza kwa wiki sita baada ya kupasuliwa. Huenda. Kwa hiyo nusu ya watu watapewa vidonge hivyo, na nusu watapewa vidonge vinavyofanana navyo kwa rangi, ukubwa na uchungu, ila ndani hamna dawa. Nani apate kipi itaamuliwa na kura iliyokwisha pigwa na kufungwa ndani ya bahasha. Chupa zitakuwa na namba tu. Orodha ya namba imefungiwa kabatini mjini, na yeye mwenyewe hana ufunguo.

"Kwa nini usiwe nao?" nilimuuliza.

"Kwa sababu najijua," alisema. "Nikijua nani kapewa dawa, nitaona amepona hata kama hajapona."

Nilimwona mtu wa ajabu. Nilikuwa sijawahi kukutana na mkubwa wa ofisi anayejinyima ufunguo kwa hiari yake.

Kijiji cha bibi kilikuwa kwenye orodha. Wala sikukiweka mimi, ningeweza ningekiweka. Tulitoka mjini asubuhi, tukaipita Nzuguni, ambayo siku hizo ilikuwa bado mashamba na nyumba za kuhesabika, tukaiacha lami na kula vumbi kwa saa mbili. Shule ilikuwa imefungwa, tukapewa darasa. Madawati yakaunganishwa yakawa vitanda. Wagonjwa walikuwa wameketi nje na vibano vyao shingoni, na mbele yao bibi, amesimama, akiwapanga kwa nyumba.

Kabla mtu hajapasuliwa ilibidi asomewe karatasi ya ridhaa na aweke dole gumba. Karatasi ile ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini ambacho hata mimi kilinichosha, na nusu ya wale wazee Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya sokoni na mkutanoni. Daktari alinitaka niieleze kwa Kigogo, pole pole, bila kuacha kitu.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye alikuwa akiniita mke mwenzake, na mimi nilikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote. Nilipomwona pale mbele, mikono kiunoni, ulimi uliniwasha. Nikaziruka kurasa zote mbili nikasema kwa Kigogo: "Nusu yenu mtakula dawa, nusu mtakula unga, na hakuna anayejua nani anakula nini."

Watu walicheka mpaka mmoja akajamba, wakacheka tena. Daktari aliniuliza wanacheka nini. Nikamwambia nimewaeleza na wameelewa. Alifurahi sana, alisema vijiji vingine huwa wanakaa kimya na hujui kama wameelewa.

Bibi peke yake ndiye hakucheka.

"Mimi nitapata ipi?" aliniuliza.

"Sijui, Bibi."

"Daktari anajua?"

"Naye hajui."

"Nani anajua?"

"Ipo karatasi mjini, imefungiwa kabatini."

Alitutazama kwa jicho lake moja, mimi, daktari, gari, masanduku. "Watu wazima," alisema, "mnalipwa kwa kutojua." Kisha akaweka dole gumba, akapanda juu ya madawati, na wakati anachomwa sindano ya ganzi alikuwa akimwelekeza daktari namna ya kushika mkasi.

Kutoka nyumba zake kumi walipasuliwa watu saba, bibi akiwemo, wote wanawake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kufungua bandeji niliziona kope za bibi zimetazama nje, zimekaa kama za msichana, na nililia hadharani mpaka akanikemea kwamba nawatia wagonjwa hofu. Kila mmoja akapewa chupa yake ya vidonge vya wiki moja, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kila Jumatatu nilitakiwa kurudi na dereva, kukusanya chupa za zamani, kuhesabu vidonge vilivyobaki, kuandika, na kutoa chupa mpya.

Vijiji vingine kazi hiyo ilinivunja mbavu. Chupa zilirudi na vidonge vitano, au tisa, au vingi kuliko vilivyotoka. Moja ilirudi na ugoro. Moja haikurudi kabisa kwa kuwa ilikuwa inawekewa mafuta ya nywele, na mwenyewe akaniuliza kama naweza kumletea nyingine kubwa zaidi. Mzee mmoja aliacha kumeza kwa sababu jicho lilikuwa limepona, mwingine akaacha kwa sababu lilikuwa bado halijapona.

Kwenye nyumba kumi za bibi, chupa saba zilirudi tupu. Wiki ya pili zikarudi tupu. Ya tatu pia, na zimeoshwa. Nilijawa na fahari, nikampelekea daktari fomu zangu kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Alizisoma, akavua miwani akaifuta.

"Mimi ni daktari," alisema, "na sijawahi kumaliza dozi ya wiki bila kusahau hata kimoja. Hawa saba wamewezaje?"

"Bibi ni mkali," nilisema.

"Nenda siku nyingine," alisema. "Usiende Jumatatu."

Nilikwenda Jumanne asubuhi. Nilimkuta bibi amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya tembe, ungo uko mapajani, na wale wanawake sita wamekaa kwa mstari kufuata nyumba zao. Chupa saba zilikuwa wazi kando yake. Vidonge vyote vya wiki vilikuwa ndani ya ungo, vimechanganywa, na bibi alikuwa anavihesabu kwa kidole na kuwagawia rundo rundo, kila mtu sawa na mwenzake, kama ilivyokuwa sukari.

"Umefika wakati wa mgao, mke mwenzangu," alisema bila kunyanyua kichwa. "Lakini wewe humo kwenye orodha."

Nilimuuliza anafanya nini, swali la kijinga, kwa sababu nilikuwa naona.

"Si ulisema mwenyewe nusu ni unga?" alisema. "Nikae mimi nimeze dawa na huyu ameze unga, mtu niliyegawana naye kipande cha sabuni? Au yeye ameze dawa mimi nimeze unga? Nimechanganya. Sasa kila mtu anakula dawa kidogo na unga kidogo. Hakuna aliyeonewa."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba sikuona kosa ndani yake. Nilitafuta. Nilikuwa nimesoma hesabu kidato cha sita na sikupata pa kumshika. Alikuwa amechukua maneno yangu mwenyewe, yale ya kuchekesha watu, akayafanyia kazi kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao nilipoyasema. Nilimpenda na nilitaka kumkaba, vyote kwa pamoja. Lile lilikuwa jicho lake la mwisho, na alikuwa analiwekea bahati nasibu ya ungo.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri hivyo njia nzima ya kurudi mjini. Lakini daktari alikuwa amenitegemea, na mtu anayejinyima ufunguo unamwonea aibu kumdanganya. Nilimweleza yote, hata lile la unga. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema twende tukamwone bibi.

Siku ya pili alimwamkia bibi shikamoo kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda kilichomfanya magoti yamfikie kidevuni, akamwomba. Wiki tatu zilizobaki kila mtu ameze vya chupa yake tu. Alieleza kwamba wakichanganya hatutajua kama dawa inafaa, na tusipojua, watu wa vijiji vingi vijavyo watakosa, au watamezeshwa bure. Nilitafsiri neno kwa neno, safari hii bila utani.

Bibi alimsikiliza vizuri. Kisha akawaelekezea mkono wale wanawake sita waliokuwa wamekaa pale.

"Sawa," alisema. "Nioneshe kwa kidole, kati ya hawa, ni nani ameze unga."

Daktari aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Wao nao walimtazama, macho yao mekundu bado yana uvimbe wa kushonwa. Alinyanyua mkono nusu, akaushusha, akavua miwani.

"Mwambie sijui," aliniambia.

"Anasema hajui, Bibi."

"Basi asubiri ajue," alisema bibi, akauvuta ungo karibu. Vidonge vya wiki tatu zilizobaki viligawiwa kama vile vya kwanza.

Ndani ya gari niliuliza kama wale saba wanafutwa. Daktari alisema hapana, mtu anahesabiwa pale kura ilipomweka, hata kama alikula vingine, kwa sababu ukianza kuwafuta wasiokufuata utabaki na utafiti wa watu watiifu, na hao si wengi. "Andika ilivyokuwa," alisema. Nikaandika ilivyokuwa. Kwenye sehemu ya maelezo mengine niliandika neno mgao, na sikujua niongeze nini.

Mwaka ulipita tukizunguka vijiji vilevile kupima macho. Kwenye nyumba kumi za bibi, mwanamke jirani yake kabisa, msuka vikapu, kope zake zilibaki nje, safi, mpaka akawa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Wengine wanne walikuwa hivyo hivyo. Wawili kope zilirudi ndani. Mmoja alikuwa bibi. Ilianza na kope mbili za pembeni, halafu nne, na safari moja nilimkuta amekirudisha kibano shingoni, nikaelewa kabla sijamtazama jicho.

Kisha ikafika siku ya kufungua kabati. Tulikuwa ofisini mjini, saa nne asubuhi, chai imepoa. Aliyekuwa na ufunguo alileta orodha, daktari akashika daftari la matokeo, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, nikapewa kazi ya kusoma. Namba, dawa. Namba, bandia. Nilisoma kwa sauti ya tangazo la kituo cha basi mpaka nilipofika namba ya msuka vikapu. Bandia. Mstari uliofuata ulikuwa namba niliyoijua kwa moyo.

"Dawa," nilisoma.

Daktari aliandika. Alikuwa anaijua namba ile kama mimi, lakini hakunyanyua uso, na hilo nililishukuru. Walipomaliza kujumlisha, siku kadhaa baadaye, ilionekana vidonge vinasaidia. Si kila mtu, lakini tofauti ilikuwepo kati ya nusu na nusu, na ilionekana hata na wale saba wakiwa ndani. Watu ofisini walipeana mikono. Bibi yangu alihesabiwa upande wa dawa, miongoni mwa wale ambao dawa ilishindwa kuwasaidia, ingawa alichomeza nusu yake kilikuwa unga wangu.

Nilimuuliza daktari kama bibi angemeza chupa yake yote kope zisingerudi.

"Hilo utafiti haukwambii," alisema. "Unakwambia kuhusu watu wengi. Haukwambii kuhusu bibi yako."

Niliona hayo ni matusi. Mwaka wote ule, mafuta yote yale ya gari, mahesabu, bahasha, na mtu mmoja niliyetaka kujua habari zake ndiye hayumo ndani ya jibu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala la ofisi, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Daktari alikuwa amekwisha kuniahidi kumpasua bibi mara ya pili msimu wa kiangazi, na kunionya kwamba mara ya pili ukope huwa haushiki kama mara ya kwanza.

Nilikwenda kwa bibi Jumamosi ile. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Niliona ni haki yake, tena nilitaka anikasirikie, anitukane kwa Kigogo mbele ya jirani zake wote, nipumue. Nilimkuta mbele ya tembe, na msuka vikapu hatua chache kutoka pale, anachagua ukindu kivulini, macho meupe pe. Nikakaa chini, bibi akalaza kichwa mapajani mwangu, akanipa kibano.

Nilivuta ya kwanza. Nilivuta ya pili.

"Nasikia mmefungua lile kabati," alisema.

"Tumefungua."

"Yangu ilikuwa ipi?"

Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, nimeipanga tangu Nzuguni. Nikamtazama yule jirani, nikalitazama jicho lililokuwa chini ya mkono wangu, jekundu, linatoa machozi yenyewe.

"Sijui, Bibi," nilisema.

Nikaipeleka ncha ya kibano kwenye kope ya tatu nikaikosa, nikaikosa tena. Bibi alinyanyua mkono akanishika kifundo, bila kukaza.

"Siku ile shuleni ulisema hujui na mkono wako ulikuwa umetulia," alisema kwa sauti ya chini, ili isimfikie mwenzake. "Sasa usiniambie. Ukiniambia, nitaanza kulitazama jicho la huyu mama."

Aliniachia mkono, akalifumbua jicho vizuri kuelekea kwenye mwanga.

"Vuta hiyo ya pembeni," alisema. "Ndiyo inayouma."

Nikaivuta.